Sura ya Sita: Uzio Uliotembea

Skrubu nne zilikuwa zimepangwa ndani ya kifuniko cha chupa ya jemu, mbili ndefu upande huu, mbili fupi upande ule, zote vichwa vikitazama juu.

Sajini Zelipa Nzima alichuchumaa nyuma ya sanduku akazitazama. Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao nzito, na kufuli lake lilikuwa bado limefungwa mbele, zima, halina hata mkwaruzo. Mwizi hakuhangaika nalo. Alizunguka nyuma, akafungua bawaba, akachukua alichokifuata, kisha akarudishia mfuniko mahali pake. Spika za kwaya zilikuwepo. Kinanda kilikuwepo. Hata mfuko wa sukari ya akina mama ulikuwepo.

"Ni kampuni," alisema Mama Mwitwa, mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa Kapundu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo ya kanisa, mikono kiunoni. "Andika hapo. Kampuni."

"Bado sijaandika hata tarehe, mama."

"Basi andika tarehe, halafu andika kampuni."

Kalamu ya Zelipa ilikataa kutoa wino. Aliitikisa, akaipulizia, akaikwaruza kwenye kiganja. Ikabaki vile vile. Mzee Kalobwe, mlinzi wa kanisa, akamchomolea penseli nyuma ya sikio lake.

"Chukua, Mngoni. Na ukikosa mwizi humu ndani usisikitike, panya wapo wengi. Hutalala njaa."

"Nimewaona. Wamekonda. Naona nyani walipowaishia mmeanza kugombania panya na sisi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Wabemba na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu, Mngoni akisemwa kwa panya na Mbemba kwa nyani, na katika miji ya shaba hakuna Mngoni anayepita kwa Mbemba bila kuchapwa neno. Zelipa alikuwa amezoea. Asubuhi ile hata kijana wa kituo cha mafuta alikuwa amemuuliza kama gari la polisi linaendeshwa kwa supu ya panya.

"Mnacheka," alisema Mama Mwitwa. "Alhamisi saa tatu kesi inaitwa. Leo Jumanne. Mnacheka."

Zelipa akaacha kucheka. Kilichoibwa kilikuwa ramani. Karatasi za kuchorea zilizogundishwa hadi zikapita mita mbili, zenye mistari kumi na mmoja, kila mwaka na rangi yake, ikionyesha jinsi uzio wa kiwanda cha kuyeyushia shaba ulivyokuwa ukisogea kuzifuata nyumba za Mtaa wa Saba. Chini yake sahihi za wapimaji kumi na mmoja, wengine wameweka dole gumba. Kampuni nayo ilikuwa na ramani yake. Ile ilisema uzio haujawahi kusogea, nyumba mia moja na arobaini ndizo zilizousogelea, na waliomo ndani ni wavamizi. Mwanasheria wa kamati alikuwa amewaambia wazi: jaji anataka karatasi yenyewe, si picha ya simu. Bila karatasi, tingatinga.

"Mara ya mwisho ulifungua lini?"

"Jumapili baada ya ibada. Ilikuwepo. Leo alfajiri nimekuja kuichukua niiandae, haimo."

"Nani alijua imo humu?"

"Kapundu nzima. Na kampuni." Mama Mwitwa akamgeukia mlinzi. "Mwambie ulichoona."

Mzee Kalobwe akajiweka sawa. Jana Jumatatu, saa kumi na kitu alasiri, aliona gari jeupe la kampuni, pikapu, lenye kile kibendera cha mlingoti mrefu wanachofunga magari ya kiwandani, limeegeshwa pembeni mwa kanisa. Wanaume wawili. Wamebeba maboksi.

"Walikuwa wanaingiza au wanatoa?"

"Walikuwa wamebeba."

"Kwenda wapi?"

"Senta ilikuwa imeshuka, afande. Nilikuwa nimejifunika uso kwa koti. Nimeona gari, nimeona maboksi. Miguu sikuiona ilikoelekea."

Senta ndilo jina la Kapundu kwa moshi wa salfa unaotoka kiwandani. Ikishuka watu hufunga madirisha, na mwenye mtoto humlaza chini sakafuni. Zelipa aliandika: *gari jeupe, maboksi, senta*. Chini yake akaandika: *skrubu*. Akakichukua kile kifuniko, akakifunga ndani ya mfuko wa plastiki.

*

Utaratibu ulimtaka aanze na mtu wa mwisho kuishughulikia ramani. Huyo alikuwa Kasuba Lupiya, aliyeichora. Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika ofisi ya wapima wa mgodi kabla mgodi haujauzwa, na alipostaafu hakuuza hata rula moja.

Lupiya alimpokea uani, akamwekea kiti, akamletea togwa ya munkoyo kwenye kikombe chenye kisahani. Mezani mwake penseli zilikuwa zimelala kutoka ndefu hadi fupi.

"Karibu, Mheshimiwa Sajini. Pole na kazi."

"Asante, mzee. Ramani imeibwa."

"Nimesikia. Ni jambo la kusikitisha sana."

"Wewe uliigusa mara ya mwisho lini?"

"Jumamosi. Niliongeza mstari wa mwaka huu, nikamkabidhi mwenyekiti. Ameshakueleza, naamini."

"Unamshuku mtu?"

"Siwezi kumsingizia mtu, mheshimiwa. Nawaachia nyinyi mliosomea."

"Inaweza kuchorwa nyingine kabla ya Alhamisi?"

Lupiya akatazama kikombe. "Kuchora ni kazi ya saa nne. Vipimo vya miaka kumi na moja huwezi kuvichora kwa kukumbuka. Na sahihi zile, wawili wamekwisha kufa."

Zelipa akamaliza munkoyo wake. Alihisi kuna kitu hakikukaa sawa katika mazungumzo yale, ila hakukipata ni kipi. Akaandika *meza safi*, akaaga, akaenda kulisukuma gari ambalo lilikuwa limezima tena.

*

Katika lango la kiwanda walimkalisha saa moja na dakika kumi.

Kwanza kitambulisho chake kilipelekwa ndani, kikarudi, kikapelekwa tena. Kisha alipulizishwa kwenye kifaa cha kupima pombe. Kisha akaonyeshwa filamu ya usalama, ambamo mtu mmoja alikuwa akiteleza na kuanguka mara tatu kutoka pande tatu. Kisha akapewa kofia ngumu na mabuti mawili, moja namba saba, lingine namba tisa.

"Hakuna pacha wake?"

"Pacha wake yupo mguuni kwa mgeni mwingine, madam."

Ofisa mahusiano wa kampuni, bwana Silavwe, alimpokea kwa meno yote. Ofisi yake ilikuwa na kiyoyozi na maji ya chupa.

"Sajini! Tungejua unakuja tungekuandalia kitu."

"Mmeniandalia mabuti. Jana saa kumi gari lenu lilikuwa Kapundu, karibu na kanisa. Nataka kitabu cha safari."

Silavwe hakusita. Alipiga simu, kitabu kikaja. Gari namba kumi na nne, limetoka saa kumi na dakika tano, limerudi saa kumi na dakika hamsini. Kazi: kupeleka barakoa zahanati, jirani na kanisa. Maboksi sita. Sahihi ya muuguzi. Zelipa akapiga simu zahanati pale pale, mbele yake. Muuguzi akasema ndiyo, maboksi sita, na mawili yamelowa. Wanaume wale walikuja wawili, wakaondoka wawili, mikono mitupu, naye aliwasindikiza mpaka garini kwa sababu alitaka lifti ya kwenda sokoni.

"Umeridhika?" aliuliza Silavwe.

"Hapana. Hiyo ni jana alasiri. Ramani ingeweza kuchukuliwa Jumapili jioni, ingeweza kuchukuliwa leo alfajiri. Nani mwingine hapa angeitaka?"

Silavwe akaegemea kiti. Alikuwa mtu anayependa kusikilizwa, na Zelipa alikuwa anajua kumsikiliza mtu wa namna hiyo: alifunga daftari, akanywa maji, akangoja.

"Nikwambie ukweli, sajini? Sisi tuliitaka ile ramani ifike mahakamani kuliko wao walivyotaka."

"Kwa nini?"

"Mwanasheria wetu ana swali moja tu kuhusu ramani ile. Moja. Ameliandaa tangu mwezi uliopita. Sasa ramani haipo, swali lake atamuuliza nani?" Akacheka. "Kama mnamtafuta mwizi, mtafute huko huko. Mtu wa kampuni angeisindikiza mpaka mlangoni kwa jaji."

"Swali gani?"

"Aa, hilo ni la mwanasheria. Mimi ni mtu wa barakoa."

Zelipa alivua yale mabuti langoni. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimechubuka. Simu ikaita.

"Nzima," alisema Inspekta Mulopa, mkubwa wake, "redio inatangaza kwamba kampuni imeiba ushahidi wa wananchi. Yule mama amehojiwa. Mkoa umenipigia. Una nani?"

"Sina mtu, bosi. Gari la kampuni limepata maelezo yake."

"Nataka mtu selini kabla jua halijazama kesho. Awe wa kampuni, awe wa kanisa, awe nani."

"Na ramani?"

"Ramani si kosa la jinai. Mwizi ndiye kosa la jinai."

*

Alikula barabarani, karibu na kituo cha mabasi, ugali wa nshima na dagaa wa kapenta kwa mama mmoja mwenye sufuria tatu. Alikula kwa hasira. Saa nane ilikuwa imepita na mkononi hakuwa na kitu. Fununu ya gari jeupe ilikuwa imekufa. Na maneno ya Silavwe yalikuwa yanamkwaruza: kama adui anaitaka ramani mahakamani, basi ramani ina ubovu. Kama ina ubovu, anayefaidika ikipotea si adui.

"Dada wa Kingoni," alisema mwenye sufuria, "mbona unaitafuna kapenta kama imekukosea? Au umezoea vyenye mkia mrefu?"

"Niongezee mboga uache kunichunguza, mla nyani."

"Nyani ana heshima yake. Ana mikono."

Wateja wakaangua kicheko. Zelipa alikuwa anapeleka tonge mdomoni. Akalirudisha kwenye sahani.

Kijana wa mafuta alimtania. Mlinzi wa kanisa alimtania, tena mbele ya sanduku lililoibwa. Huyu mama, asiyemjua, amemtania. Alimfikiria yule mzee wa munkoyo. Kasuba Lupiya, Mbemba wa Kasama, aliyewahi kumwambia mbele ya mkuu wa kituo kwamba Wangoni waliacha vita kwa sababu walisikia harufu ya panya wa kuchoma. Leo Lupiya amemwita Mheshimiwa. Mara mbili. Amempa kikombe chenye kisahani.

Mbemba humtania Mngoni hata msibani. Hapo ndipo humtania zaidi. Humheshimu akiwa na jambo analomficha tu.

Na zile penseli mezani, kutoka ndefu hadi fupi.

Zelipa akaacha sahani na tonge lake.

*

Mara hii Lupiya hakuleta kiti. Zelipa aliweka ule mfuko wa plastiki juu ya meza ya kuchorea, kifuniko na skrubu zake ndani.

"Mwizi wa kawaida hutupa skrubu chini, mzee. Tena hachagui ndefu na fupi."

Lupiya aliziangalia. Alinyoosha mkono kama anayetaka kuzigusa, akaurudisha.

"Bawaba zile ni zangu," alisema. "Mimi ndiye niliyelitengeneza sanduku. Nisingeweza kulivunja."

"Iko wapi?"

"Chini ya kitanda. Nimeifunga kwenye kitenge cha mke wangu isipate vumbi."

Aliileta mwenyewe. Waliikunjua juu ya meza, ikaning'inia pande zote mbili. Zelipa hakuwahi kuiona. Mistari kumi na mmoja, ya bluu, ya kijani, ya zambarau, inasogea kuelekea viboksi vya nyumba kama maji yanayopanda ukingoni.

"Uzio umesogea mita thelathini na moja kwa miaka kumi na moja," alisema Lupiya. "Hivyo ndivyo ramani inavyosema."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ishirini na mbili."

"Tisa zimekwenda wapi?"

Lupiya aliweka kidole katikati ya ramani, kwenye duara dogo jeusi. "Hapa ndipo tulipopimia. Kila mwaka. Kichuguu kile kikubwa cha Mtaa wa Saba. Hakukuwa na kingine, sajini. Nguzo za zege za wapima zote zimemezwa na kiwanda. Bomba la maji limehamishwa mara tatu. Kichuguu kilikuwa kikubwa kama nyumba, tangu sijazaliwa. Nikasema hiki hakitembei. Tunapanda juu kabisa, tunachomeka nondo, tunavuta tepu mpaka kwenye uzio."

"Nondo hiyo hiyo kila mwaka?"

"Nondo hapa? Ukiacha chuma wiki moja kimeshauzwa chakavu. Kila mwaka tulichomeka mpya, juu ya kilele." Akalisugua lile duara kwa kidole. "Jumamosi, baada ya kupima na kumkabidhi mwenyekiti ramani, vijana walikuwa wanachimba udongo wa matofali. Upande wa nyumba. Wanachimba upande wa nyumba siku zote, ndio karibu. Jembe likagonga chuma. Nikaenda kuangalia. Ilikuwa nondo ya mwaka wa kwanza, ilikatikia ardhini ndiyo maana haikuibwa. Ina alama yangu juu yake. Nikavuta tepu kutoka pale hadi kwenye ya mwaka huu."

"Mita tisa."

"Watu wanakula kichuguu upande huu, kilele kinahamia upande ule, kwenye uzio. Na mimi kila mwaka napanda juu ya kilele kama mbuzi, nachomeka, naandika." Lupiya alikuwa anaongea taratibu, kila neno akiliweka chini. "Miaka thelathini na moja nimefundisha vijana: usipimie kitu kinachosogea. Somo la kwanza hilo. Siku ya kwanza."

"Rekebisha basi. Punguza tisa."

"Punguza mwaka gani? Mwaka wa pili kilisogea kiasi gani? Wa sita? Sijui. Siwezi kuchora nisichokipima. Na mwanasheria wao akiuliza tu, mzee, ulipimia kutoka wapi, imekwisha. Atasema wote ni waongo. Wale kumi na mmoja waliovuta tepu kwenye senta, na waliokufa, waongo."

"Ukaona bora isionekane."

"Isipokuwepo watasema imeibwa. Angalau hawatasema waongo."

Zelipa alizunguka meza. Alikuwa ameipata ramani, amempata mwizi, na vyote viwili vilikuwa havina faida kwa mtu yeyote. Akaegemea ukuta. Kisha akauliza:

"Nani mwingine anajua kuhusu nondo?"

"Hakuna. Niliifukia tena. Wale vijana hawakujua ni kitu gani."

"Jumamosi hii?"

"Jumamosi hii."

"Mwanasheria wa kampuni ana swali moja, na ameliandaa tangu mwezi uliopita. Wamejuaje?"

Lupiya akainua uso.

"Kujua kwamba kilele kimehama," alisema Zelipa, "ni lazima uwe umekiona kilipokuwa zamani. Wewe mwenyewe hukujua mpaka ukakuta chuma. Wao wamekionea wapi?"

"Kile kidude chao," alisema Lupiya polepole. "Kinachoruka. Kila mwaka baada ya mvua kinapita juu yetu kinapiga picha. Akina mama hukimbia kuanua nguo."

"Kila mwaka?"

"Miaka yote. Zamani ilikuwa ndege yenye rubani."

"Kinapiga picha kichuguu peke yake?"

Mzee akainamia meza. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye ramani, na kidole chake kikaanza kusafiri, kutoka kwenye lile duara jeusi, mita baada ya mita, mpaka kwenye uzio. Picha moja ingevishika vyote viwili.

"Wanazo," alisema. "Uzio wa kila mwaka. Wanazo wao."

*

Kwenye simu, Inspekta Mulopa hakutaka kusikia habari za hati ya upekuzi.

"Upekue kampuni kwa kosa gani? Ramani umeipata?"

"Nimeipata, bosi, lakini..."

"Mwizi?"

"Nimempata."

"Basi shauri la wizi limekwisha. Hakuna hakimu atakayekupa hati ya kutafuta kitu kilichokwisha kupatikana. Mlete mtu."

"Nikimleta, Alhamisi shahidi yupo selini."

"Mlete, Nzima." Simu ikakatika. Zelipa aliitazama ile simu kama iliyomtemea mate. Kazi yake mwenyewe ilikuwa imemfungia mlango.

Mama Mwitwa, aliyeitwa na Zelipa, alikuwa amekwisha kufika hapo kwa Lupiya. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, anaangalia ramani mezani, anamwangalia Lupiya, na hakuna aliyehitaji kumweleza nusu ya kwanza. Nusu ya pili alielezwa na Lupiya mwenyewe, amesimama, mikono nyuma.

"Nimesema redioni," alisema Mama Mwitwa alipomaliza. "Kwa jina langu. Nimesema wezi, wauaji, nimesema kila kitu. Kumbe mwizi anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu."

"Samahani, mwenyekiti."

"Samahani yako nitaiezeka juu ya paa?"

"Mama," alisema Zelipa, "nisikilize. Mimi siwezi kuzipata zile picha. Polisi haiwezi. Anayeweza kuzileta ni mwanasheria wao, kwa mkono wake, mbele ya jaji. Ila hawezi kuonyesha kwamba kichuguu kimehama bila kuonyesha picha. Na akishaziweka mezani, jaji ataona kichuguu, na ataona uzio."

"Na asipoziweka?"

"Asipoziweka hana swali. Mzee anapanda kizimbani, anasema wazi kabla hajaulizwa: nilipimia kwenye kichuguu, kimehama mita tisa, za mwaka gani sijui, wenye picha wanajua. Mwanasheria wenu aombe picha zije. Wao wachague."

"Watamcheka."

"Watamcheka," alisema Lupiya.

Nje senta ilikuwa imeanza kushuka tena, na mtu alikuwa akifunga madirisha, moja baada ya jingine.

"Kuna jambo moja," alisema Zelipa. "Mlalamikaji ni wewe, mama. Sanduku ni la kamati, ramani ni ya kamati. Ukiandika kwamba mjumbe wa kamati aliichukua na ameirudisha, na huna shitaka, mimi sina wa kumweka selini. Usipoandika, namchukua sasa hivi. Sitadanganya kwenye faili."

Mama Mwitwa alichukua penseli. Akaishika muda mrefu juu ya karatasi.

"Nitaandika," alisema, akamgeukia Lupiya. "Lakini si mimi nitakayewaambia wapimaji. Wala si kwenye mkutano, ujifiche nyuma ya watu. Utakwenda mlango kwa mlango, leo, kwa miguu yako. Wao ndio walioweka vidole."

Lupiya akamgeukia Zelipa. "Sajini, seli yenu ina nafasi?"

Hakuna aliyecheka. Mzee akakaa chini, akavaa viatu.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mama Besa, aliyeshika ncha ya tepu miaka yote kumi na moja. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mekundu, vyumba viwili na kimoja kinachongoja bati. Zelipa alibaki barabarani, kitambaa puani, simu yake inatetemeka mfukoni na jina la Mulopa juu yake. Aliiacha itetemeke.

Lupiya alisema yote pale pale mlangoni, bila kupewa kiti. Mama Besa alisikiliza huku akifuta mikono kwenye kitenge.

"Kwa hiyo zimepotea mita ngapi?"

"Tisa."

"Kichuguu ndicho kimeliwa?"

"Ndiyo, mama."

Mama Besa aligeuka akaupiga ukuta wa nyumba yake kwa kiganja, mara mbili, vumbi jekundu likaruka.

"Hazijapotea. Hizi hapa. Mume wangu alizichoma zikawa matofali elfu mbili, na jirani naye hivyo hivyo, na yule pale. Nalala ndani ya mita zako miaka saba sasa." Sauti yake ilikuwa imepanda, na majirani walianza kutoa vichwa. "Wanataka kuzipima? Waje na tepu yao. Lakini wapige hodi."

Aliingia ndani, akarudi na kitambaa cha kujifunga usoni, akafunga mlango kwa nje.

"Mlango wa pili ni wa nani?" aliuliza.